Mara Ngapi

Lusekelo hupiga simu Jumapili, ibada ikiisha,
kabla sijavua kitenge cha kwaya.
Swali lake la kwanza si afya, wala si mvua ya Tukuyu
(mvua anaijua, amekulia ndani yake):
"Mama, ile mashine unaiwasha mara ngapi?"

Kila siku, namjibu.
Naongeza: asubuhi na jioni.
Uongo nao ukishawekwa mezani hudai kitoweo.

Ilikuja na lori la ndizi lililokuwa likirudi tupu kutoka Dar,
imefungwa blanketi kama mgonjwa wa rufaa.
Anyosisye fundi bomba akatoboa ukuta wa jiko,
akaunganisha mpira, akasoma kijitabu chake kwa sauti:
sahani kumi na mbili, vikombe kumi na viwili,
bakuli, uma, vijiko.
"Iwashwe ikijaa."
Akafunga kijitabu. Akaniangalia.
Akaiangalia sahani yangu moja juu ya kichanja.

Ikijaa.
Nyumba hii ilikuwa ikijaa bila kusoma popote.
Watoto saba, wapangaji wawili,
shemeji mwenye kikohozi aliyekuja kwa wiki akakaa miaka minne.
Beseni la sabuni, beseni la kusuuzia,
majivu kwa masizi ya sufuria, dodoki kwa glasi,
na maji ya bomba yenye baridi ya kung'oa kucha.
Tuliosha mara tatu kwa siku, ya nne ilikuwa ugomvi:
zamu ya nani? Ya Ipyana. Yuko wapi? Ana mtihani.
Ipyana alikuwa na mtihani mwaka mzima, na akafeli.

Sasa nahesabu.
Jumatatu: kikombe, bakuli la uji.
Jumanne: hivyo hivyo, na kisu cha parachichi.
Jumatano sikula usiku, nilisinzia redio ikiongea.
Siku ya tisa, uji wa siku ya kwanza umekuwa saruji
na mashine ina mapengo bado, kama kinywa changu.
Nikajaribu kuiwasha hivyo hivyo. Luku ikaanza kulia.
Umeme wote huo kwa vikombe vitano!
Nikaizima, nikavitoa, nikaviosha kwa mkono,
nikavirudisha ndani vikae.
Ni kabati zuri. Panya hawaingii.

Aliyenikamata ni Subilaga, wa ng'ambo ya ua.
Alikuja kuazima chumvi, akafungua ule mlango,
akacheka mpaka akakaa sakafuni.
Kisha akanyamaza, akaenda zake, chumvi akaisahau.
Kesho yake jioni akaja na karai kichwani:
vyombo vya wajukuu watano,
mbalaga iliyokauka pembeni, maharage yaliyogandamana,
vikombe vyenye masharubu ya maziwa mgando.
"Wewe una mashine, mimi nina uchafu."

Tangu hapo tunawasha Jumatatu, Jumatano, Ijumaa,
na Jumamosi kama kuna pilau.
Luku tunachanga.
Ikianza kuvuma tunaketi mbele yake kwenye vigoda
kama watu wanaosikiliza taarifa ya habari,
huku mvua nje inaosha ya kwake.

Tatizo limekuwa moja. Sahani zangu nilizitia alama kitakoni,
tone la rangi ya kucha, jekundu, zisipotelee msibani.
Za Subilaga zilikuwa na msalaba wa buluu.
Lile joto limebandua alama zote.
Juzi tulikaa na rundo jeupe mezani,
hii yako, hapana, hii ni yako wewe,
mpaka chai ikapoa,
tukaishia kugawana kwa kuhesabu midomo:
sita zikaenda kwake, moja ikabaki kwangu,
na zilizozidi tukaziacha humo ndani, hazina mwenyewe.

Jumapili simu ikaita.
Nikaona leo niseme kweli, nimetoka kanisani.
"Mara nne kwa wiki," nikamwambia.
Kimya. Nikasikia akivuta pumzi huko aliko.
"Mama," akasema, "mbona umepunguza?"